Futi ya Bi Mwanamkuu

Mimi ndiye mshika saa. Miaka kumi na tisa
nimesimama ukingoni mwa bwawa la Tudor,
kidole gumba juu ya kitufe,
nikimngoja mwanamke mmoja aguse ukuta.

Alianza na miaka arobaini na sita.
Magoti yalikuwa yamegoma. Daktari wa Makadara
akamwambia, Bi Mwanamkuu, dawa yako ni maji,
naye akadhani ya kunywa.

Fundi cherehani wa Mtaa wa Biashara,
aliyekanyaga kile chuma tangu usichana wake
akishonea watu harusi, kisha harusi za mabinti zao,
hakujua hata kuelea.
Wiki tatu alishika bomba la ukingoni
kama mtoto ashikavyo leso ya mamake sokoni.
Ya nne akaachia.
Na miguu, lo, kumbe miguu ilikuwa inajua:
tap-tap-tap, upindo mrefu usiokatika uzi
kutoka ukuta huu hadi ule.

Vazi alijishonea: mikono mirefu, suruali ya kifundoni,
kitambaa cha kuteleza alichokipima mara saba.
Wakasema, mama mzima, na wajukuu, kutwa majini!
Akawajibu kwa kuwapimia nguo zao za Idi
na kuwatoza bei ile ile.

Nikwambie siri ya mashindano ya wazee:
hapa mtu huomba umri usonge.
Makundi ni ya miaka mitano mitano,
na atimizaye sitini leo
ndiye kigori wa kundi la sitini.
Sijamwona mwingine aletaye mahamri na mbaazi
kushangilia kuzeeka.
Medali kazitundika msumari mmoja na mikasi.

Mkondo wa nne, Mwalimu Eulalia wa Ganjoni,
mara kumi na moja kashindwa naye
kwa upana wa ukucha.

Mwaka ule, mita mia mbili, mtindo huru,
saa yangu ilisema jambo nisiloliamini.
Nikaitikisa. Nikaitia sikioni.
Rekodi! Vigelegele vikapanda hadi barabarani,
Mwalimu Eulalia akamrushia maji ya uso.
Yeye kimya, kashika ukuta,
ukuta mpya, vigae vipya vya buluu
vilivyobandikwa juu ya vile vya kale.
"Mkono wangu wa ishirini," akasema,
"haukupata nafasi ya kunyooka."

Jioni watu wametawanyika, tukabaki wawili.
Akatoa futi mkobani, ile ya manjano,
tukapima bwawa kwa futi ya nguo,
yeye akivuta, mimi nikitia alama kwa chaki ya fundi,
mara kumi na sita na ushei.
Tukarudia, maana giza lina uongo wake.
Limepunjwa. Vidole vinne.

"Vidole vinne," nikamwambia, "nani atajua?"
Akanitazama kana kwamba nimemtuma
akaibe kitambaa cha mteja.
"Nguo iliyopunjwa," akasema,
"siku ya kwanza inakupendeza.
Ya pili inakusema."

Barua aliiandika mwenyewe kwa chama.
Rekodi ikapigwa mstari, kwa rula, mbele ya macho yangu.
Nami, niseme kweli, nilinuna mwezi mzima.
Nilimsalimia kwa nyusi.
Yeye kila alfajiri alikuja, akatundika buibui,
akaingia majini bila kishindo,
akayashona.

Juzi mafundi wamekuja na nyundo.
Vigae vya buluu vimelala mchangani rundo,
ukuta umerudi ulipokuwa.
Nilimkuta mle ndani, bwawa kavu,
viatu mkononi, futi shingoni,
akipima tena.
Hakuniambia kitu. Alitikisa kichwa tu, kuwa ni sawa.

Mwezi ujao anaingia sabini.
Mbaazi zishanunuliwa.
Saa nimeitia ufunguo.
Na Mwalimu Eulalia, nimemwona kwa macho yangu,
amefuga kucha.