Mkono wa Mchungaji Haugsdal

Alikuja Mtoni na koti la sufu,
akalitundika nyuma ya mlango wa ofisi ya usharika,
na nondo wakaanza na ukosi.
Mimi karani, mwenye ufunguo,
siku moja nikapekua mifuko:
leso, peremende iliyogeuka jiwe,
na kitambulisho cha bunge la kwao, picha yake ana nywele.

"Kumbe Mheshimiwa!" nikamtania.
Hakucheka. Kiswahili chake kilikuwa cha Biblia,
kimenyooka kama suruali ya pasi:
"Mkono huu, Bwana Mshigheni, ulifunga shule.
Watoto kumi na wanane, kijiji cha theluji, kijiji changu.
Kura zilifungana. Nikauinua.
Jumapili nikauinua tena, nitoe baraka,
na akina mama wakatazama sakafu."

Mwaka ule maji yaliingia Mtoni bila hodi.
Magodoro yakaanikwa juu ya mabati,
mwenyekiti wa mtaa akaitisha kikao:
mfereji upite wapi,
jikoni kwa Mama Elinami,
au kwenye mawaridi ya kanisa?
Mikono ikapanda kuyaokoa mawaridi.
Wangu ulikuwemo, nisiseme uongo.
Bahasha yake ya ahadi ilikuwa tupu miezi saba,
na mhesabuji ni mimi.

Mgeni hana kura. Alikaa nyuma,
kiganja kwapani kama anayejipima homa.

Alfajiri nikasikia jembe.
Nikamkuta katikati ya mawaridi,
shati limeganda mgongoni,
miiba imemchora vidole.
"Mchungaji, kikao kimeshaamua."
"Kimeamua," akasema,
akachimba.
Mwenyekiti akaleta muhtasari, ukalowa tope.
Saa tatu vijana wa gereji wakaja na sururu.
Hakuna aliyewaita.

Sasa yuko kwao. Koti aliliacha.
Masika yakifika, maji meusi hupita
chini ya dirisha la madhabahu,
na somo la pili tunalisikiliza tumeziba pua.
Waumini wanalalamika kwa maandishi.
Nayapokea, nayapa namba, nayafungia kwenye faili.

Ng'ambo ya mfereji Mama Elinami
anageuza vitumbua,
na harufu yake inashindana na yetu.
Jumapili mojamoja inashinda.