Dole la Marehemu

Jalada namba mia mbili na kumi na saba
lilipita juu ya meza yangu hapa Wete
siku ya Jumatano, kabla ya adhuhuri,
nami nikaligonga muhuri. Ta!
Naliandika hili kwanza, lisije likasahaulika
nitakapoanza kuwataja wengine.

Jina la mtoto: Kazija Khatib. Miaka minne.
Baba: hajulikani.
(Na hilo Khatib limeokotwa wapi?)
Mama: marehemu.
Ridhaa ya mama: imetolewa, kwa dole gumba.

Soma tena mistari hiyo miwili ya mwisho.
Miye sikuisoma tena.
Marehemu katia dole, wino mbichi,
michirizi ya kidole imezunguka
kama pete za gogo lililokatwa jana,
na miye nikaona kila kisanduku kimejazwa,
nikasema: limekamilika.

Wiki ya tatu marehemu akaja.
Mkasi binti Faki, wa Kiuyu,
viganja bado vinanuka makonyo ya karafuu.
Akangoja zamu yake kwenye foleni
nyuma ya watu wa leseni na watu wa talaka.
"Nauliza shule aliyopelekwa mwanangu.
Bwana Nassib alisema atasomeshwa Unguja,
kila likizo atarejea.
Likizo ishakwisha."
Akatoa simu ndogo aliyopewa siku ile
pamoja na doti mbili za kanga na gunia la mchele wa mapembe.
Ndani mna namba moja tu,
na namba hiyo haipatikani.

Nikapanda ofisini kwao, juu ya duka la vyombo.
Kibao cha wakala kimebanduliwa,
yamebaki matundu manne ya misumari.
Sakafuni stakabadhi imekanyagwa:
ada ya huduma, dola elfu sita.
Waliolipa ni mtu na mkewe.
Pengine usiku husimama mlangoni mwa chumba cha mtoto
wakishukuru kwa yatima waliyeletewa.
Nao wameibiwa. Hilo nalo laniuma,
ingawa haliniumi sawa.

Lugha yetu ina neno: kuasili.
Lisikilize, lina asili tumboni.
Hawa walilipasua, wakaitoa asili,
ganda wakaliuza.
Na kafala, tuliyofundishwa chuoni
tungali twaandika kwa chokaa,
ni kumlea mtoto wa mtu huku wajua ni wa mtu:
umlishe, umvishe, umwite kwa jina la babaye.
Haikutaka mama afe kwanza.

Sasa nina utaratibu wangu, haujawa kanuni.
Nimeuandikia barua tano;
moja imejibiwa: "Imepokelewa."
Kila likija jalada la mtoto
muhuri naufunga ndani ya leso,
nakwenda kwa miguu mpaka kwa sheha.
Namwambia: nioneshe kaburi.
Kama hakuna kaburi, nioneshe mama.
Kama mama yupo, namsomea karatasi kwa kinywa,
kwa Kipemba, mpaka pale penye maandishi madogo,
kisha namwambia alale nayo siku saba
na asipokee kitu, hata kibiriti.
Na hao mawakala nawauliza fedha zao zinatoka wapi,
nani aliwapa ruhusa, na iko wapi;
wawili hawajarudi tena.
Wenzangu wasema nachelewesha kazi.
Naam. Nachelewesha.

Siku ile Mkasi hakulia. Aliniuliza:
"Mtu akitaka kuandikwa yu hai, ada yake kiasi gani?"
Nikafungua droo zote.
Fomu ya uzazi ipo, ya kifo ipo, ya ndoa,
hata ya kupotelewa na fomu.
Ya kuwa hai hatuna.

Akaliweka dole lake juu ya kioo cha kaunta,
akalikandamiza, bila wino,
mpaka ukucha ukawa mweupe.
"Haya," akasema, "linganisha."