Kofia ya Shekue

Nilijiapiza: kabla ya Idi, kofia iishe.
Vitobo mia tatu, nyota nane, uzi rangi ya maziwa.

Leo mwezi ishirini na saba. Theluji ya Hamilton
haijui kwamba tunafunga. Manda za sambusa zinakauka,
Mwanaesha kapoteza kiatu kimoja,
wifi kapiga simu toka Toronto:
"Tuko kumi na wawili, si wanane."

Sindano naichomeka kwenye pazia la jikoni,
isije ikaliwa na mgeni.

Usiku nadarizi vitobo vinne. Vitano.
Nasinzia.

Asubuhi ya sala anaivaa hivyo hivyo,
upande nyota, upande penseli.
"Igeuze, penseli iwe kisogoni."
Anacheka:
"Na safu ya nyuma je?"