Nauli Haikutosha

Nauli ya kwenda Tanga haikutosha.
Nilihesabu mara mbili, ya tatu nikahesabu kwa hasira,
kisha nikamwambia msimamizi wa chumba cha kufulia,
hospitalini Carlisle: likizo naichukua vilevile.
Kwa robo ya fedha ile nikanunua baiskeli ya kijani
kwa mwalimu mstaafu aliyeanza kuyaogopa magoti yake.

Whitehaven, asubuhi. Desturi yao
ni kuchovya gurudumu la nyuma kwenye maji ya magharibi
na la mbele, ukijaliwa, kwenye maji ya mashariki.
Nilichovya. Mbwa mmoja alinitazama
kama karani anayetafuta muhuri.

Kisha mvua.
Si ile ya kwetu, inayokuja kwa kishindo,
ikamaliza shauri lake, ikaondoka.
Hii ni mvua ya mdai:
kidogo, kidogo, hadi soksini.

Siku ya pili, nimeshaipita Langwathby,
tairi la nyuma likaanza kusengenya.
Nikabisha nyumba ya kwanza. Bibi Winifred Teasdale,
unga hadi viwikoni, akasikia nataka beseni,
akaniletea lile la kukandia mkate.
Nikazamisha tyubu, nikaizungusha inchi kwa inchi,
na tundu likajitaja lenyewe:
viputo vitatu, kimya, vingine viwili.
Msasa. Solusheni. Subiri, usiguse, subiri,
ndivyo alivyosema baba, fundi wa Barabara ya Kumi na Mbili,
aliyenifundisha kuziba kabla sijajua kuendesha;
na kuendesha kwenyewe nilianza kwa kupenyeza mguu ndani ya fremu,
mwili upande, kama kaa.
"Nani kakufundisha?"
Baba, nikasema.
"Wangu alinifundisha kunyonyoa bata mzinga, basi."
Tukacheka. Hakuniuliza natoka wapi.
Aliniuliza naelekea wapi,
na swali hilo nililitafuna mlima mzima.

Hartside: barabara inajikunja, inajikunja tena,
kama mtu anayetafuta namna ya kukwambia hapana.
Nilipofika gia ya mwisho nikatafuta nyingine chini yake.
Haipo. Nikashuka, nikasukuma.
Kondoo wenye alama za buluu mgongoni
waliacha kula, wakanihesabu: mmoja.
Juu kabisa upepo ulinipokea kwa kofi,
na kuteremkia Alston ilinibidi nipige pedeli,
mteremkoni! mtoto wa Ngamiani,
miaka hamsini na mitatu,
nikilia kengele pasipo na mtu wa kunipisha.

Haraka haraka haina baraka, tuliambiwa.
Polepole nayo, nasema mimi, ina malengelenge.

Rookhope nililala juu ya baa, na suruali yangu
ikakauka jikoni kwa watu nisiowajua.

Tynemouth, siku ya nne. Maji yamekupwa.
Nikaikokota baiskeli mchangani mpaka mate yakakauka,
nikachovya gurudumu la mbele.
Hakuna aliyepiga makofi. Shakwe akaniibia mkate,
wa Bibi Teasdale, kipande cha mwisho, nilichokiwekea saa hiyo.

Treni ya kurudi ikazila siku zangu nne
kwa muda wa filamu moja, bila kutafuna.

Jumatatu tunakunja shuka.
Halina, ng'ambo ya meza, anasimamisha mikono,
anauliza kwa nini meza inatikisika.
Nainama kutazama.
Miguu yangu bado haijaambiwa.