Mayai Mbele, Jibini Nyuma

Jumanne jioni, uwanja umefungwa.
Idwal ameuzungushia kamba kama kitanda cha mgonjwa:
asiukanyage mtu hadi kesho saa nane.
Basi mazoezi tunafanyia kwenye maegesho ya maktaba,
taa moja inapepesa,
nyingine imekufa tangu Oktoba.

Mimi ndiye mrusha mpira.
Mgongoni namba mbili, vidoleni utepe wa gundi.
Mwaka mzima tumeitana kwa Kiwelishi:
un, Non ananyanyuliwa mbele;
dau, Tegwen katikati;
tri, nyuma kabisa, kwa Lleucu mwenye mikono kama ngazi.
Wageni walibaki kututumbulia macho
nasi tukichuma mipira kama kunde.

Lakini kesho wanakuja Swansea,
na Swansea yuko Mared.

Mared aliyezitunga namba hizo.
Mared aliyehama Septemba kufuata masomo ya ukunga
akaacha kwenye kigingi cha chumba cha kubadilishia
soksi moja ya kijani. Hakuna aliyeitoa.
Eluned aliifua pamoja na jezi, akairudisha.

Siri ya mtungi aijuaye kata,
na kata yetu imehamia kwa jirani.

Tukakaa juu ya vizuizi vya saruji kutafuta lugha mpya.
Gwenllian akataka majina ya mawe
(anasoma jiolojia, mwacheni).
Mwingine akataka miji. Mwingine, matusi.
Mwishowe Heledd, nahodha, akafumba macho
akafungua jokofu la nyanya yake kule Bala:
“Mayai mlangoni. Maziwa katikati.
Jibini nyuma kabisa, ambako mkono haufiki.”
Na siagi?
“Siagi ni haraka, kabla hawajajipanga.”

Tukacheka hadi mlinzi wa maktaba akatoka nje.
Kisha hatukucheka tena.
Mayai! Non akapaa, mpira ukampita kisogoni.
Maziwa! Gari la profesa likapiga king’ora.
Jibini! Jibini! Jibini!
Mara thelathini na nne, nilihesabu,
mpaka bega likakubali kwamba jibini ni mbali.

Wenzangu wakaenda kula tambi.
Mimi nikazunguka nyuma ya banda la mashine za nyasi,
kwenye ukuta ambako Mared alichora duara la chaki,
kimo cha viganja vya Non akiwa hewani.
Paa limelikinga na mvua mwaka mzima.
Ni yeye aliyenifunza: kidole gumba kisiseme neno,
macho yasiufuate mpira, yautangulie.
Nikarusha. Nikaokota. Nikarusha.
Matope yakaijaa alama,
chaki ikaanza kufutika
kwa sababu nililenga vizuri.

Usiku wa manane simu ikatetemeka mtoni mwa kitanda:
“Bado mnahesabu hadi tatu?”
Nikaandika, nikafuta. Nikaandika, nikafuta.
Nikamuuliza wakunga hulala saa ngapi.
Akasema hawalali.

Alfajiri, sakitu.
Nyasi zimesimama nyeupe, zinavunjika kwa sauti.
Idwal yuko katikati ya uwanja na uma wa jikoni,
anachoma ardhi hatua kwa hatua,
anainama kama anayemsikiliza mtu aliye chini.
Ikikataa, mwamuzi atafuta mechi,
na basi la Swansea litageukia njiani.
Tumesimama nje ya kamba na vikombe vya chai,
hakuna anayeuliza,
na sijui hata mimi naomba lipi.

Kwenye kona ya mwisho uma ukazama hadi mpini.
Idwal hakusema kitu.
Alifungua kamba, akaanza kuikunja begani.

Soksi ingali kigingini.
Nazungusha gundi kwenye kidole, naipita,
midomo inatembea peke yake:
mayai, maziwa,
mayai, maziwa, jibini.