Jino la Pembe

Daktari wa Telavi alisema, "Wiki mbili tu, utazoea."
Huu ni mwaka wa tatu, na Murmani bado
huyatia meno kinywani kama mpangaji anayeingia chumba kipya:
kwanza anagonga, kisha anasikiliza.

Habari za kinywa kile nazijua mimi mkewe.
Najua ufizi ulipochubuka, upande wa kushoto,
kidonda si kikubwa, punje ya mtama,
na kinampeleka puta mwanamume
aliyekuwa akibeba mapipa ya mvinyo bila kuguna.
Najua mbegu moja ya zabibu,
ikijipenyeza chini ya ile sahani ya waridi,
inavyomwondoa mezani katikati ya neno.
Anakwenda uani, anageukia ukuta,
anarudi amekwisha kufuta midomo:
"Tulifika wapi?"

Na ile s yake. Ee, ile s!
Akimwita Soso, nduguye, filimbi inalia
na mbwa wa jirani anakuja mbio.

Supu haina ladha, kaakaa limeezekwa paa.
"Nakula kwa kukumbuka," huniambia.
Gundi yake ina harufu ya mnanaa na chokaa:
ikishika, usiku tunang'ang'ana nayo wawili;
isiposhika, chafya moja tu.
Nimewahi kuyaokota kwenye beseni la maharage.

Kila vuli jozi huanguka mlangoni petu.
Zamani alizivunja kwa magego, ka!,
wajukuu wakaziba masikio kwa furaha.
Sasa anazikusanya kofiani, anazigeuza,
jozi kwa jozi,
kisha anampa Soso ndoo nzima, wala hadai bei.

Mwezi wa kumi, zabibu zikikamuliwa, Tekle akaolewa.
Nani asimamie meza kama si babu wa bibi harusi?
Kwetu msemaji wa karamu hakatizwi.
Na hupewa pembe, ya mbuzi wa milimani,
mvinyo hadi ukingoni;
ukishaipokea huwezi kuiweka chini, haina kitako.
Utaiweka ikiwa tupu.

Alinena juu ya wafu. Alinena juu ya mizabibu.
Maneno yenye s aliyaruka kama mtu anayeruka madimbwi,
mpaka likaja lisilorukika, *sikvaruli*,
ndiyo mapenzi kwa lugha yetu,
nani atamwoza mjukuu asiliseme?

Nilisikia kabla ya kuona: tlup.
Uso wake ukashuka ghorofa moja.
Wageni mia mbili, pembe mkononi,
meno ndani ya pembe.

Jino la pembe si dawa ya pengo, husemwa.
Hilo lilikuwa la pembe kwelikweli.

Akanywa. Angefanya nini?
Shingo nyuma, koo likipanda na kushuka,
vijana wakihesabu, mpiga ngoma akishindilia,
na mimi peke yangu nikisikia kule ndani
kitu kikiteleza, kikikwama, kikiteleza tena,
kikija kumlaki.
Tone la mwisho na meno vikafika pamoja.
Akafumba mdomo. Akasukuma kwa ulimi.
Akaipindua pembe mbele ya watu: kavu.
Ukumbi mzima ukasimama.
Sijaona mtu akishangiliwa hivyo
kwa kumeza nusura ya meno yake.

Usiku akayatumbukiza glasini,
maji yakaingia wekundu.
"Uliona?"
"Niliona nini?" nikamjibu.
Akalala, mashavu yamebonyea
kama mto ulioinukwa sasa hivi.

Nikangoja akorome. Nikazima taa.
Nikavuta droo yangu, nyuma ya soksi,
penye kikombe chenye kifuniko.
Mwaka wa kumi na moja huu.
Kila siku najiambia, kesho nitamwambia,
na kesho kuna mahindi ya kuchemsha.

Yangu hayapigi filimbi.