Ndoo

Toledo, Ohio, mwezi wa pili. Theluji imefika magotini
na waliokuja ni watu thelathini na wanne;
nimewahesabu kupitia tundu la pazia, kama kawaida yangu.
Mimi ni mvalishaji. Kazi yangu vifungo, zipu, pini,
na kunyamaza.

Corinne Haskett ana homa.
Kipimajoto nimekificha mfukoni asije akakiona.
Mchana huendesha basi la shule; usiku, wiki ya sita sasa,
ni mjane anayekataa kuuza shamba.
Aliponipa mgongo nimfunge gauni
mgongo ulikuwa wa moto kama bati la saa saba.
"Nimwite Odessa?"
"Odessa akae," akasema. "Nipe ndoo."

Odessa Trimble ni mwigizaji wake wa akiba.
Wiki sita amekalia kiti cha chuma gizani,
midomo ikitafuna kila neno bila sauti,
kama aliyefunga akitazama wenzake wakila.
Gauni lake sijawahi kulifungua zipu.
Mama yake amepanda basi kutoka Dayton mara mbili
kuja kumwona mwanawe asionekane.

Mara tatu Corinne alitoka jukwaani akipepesuka.
Mara tatu Odessa akamshikia ndoo,
akamfuta kidevu, akamsukuma polepole kwenye taa.
Na kule kwenye taa, sijui nguvu ilitoka wapi,
mjane akasimama wima, akabishana na benki,
watu wakacheka palipostahili kicheko.

Mara ya nne maneno yakampotea.
Kimya. Kimya cha ukumbi si kama cha nyumbani:
kikohozi kimoja, kiti kimoja kikilia,
na kila mtu anajua.

Hapo nilimtazama Odessa.
Sekunde moja, labda mbili,
mlango ulikuwa wazi kwake. Angenyamaza tu.
Nani angemlaumu? Shahidi ni mimi,
na kazi yangu nimeshaitaja.

Akainama kando ya pazia, akanong'ona:
"Shamba hili limeshanila mume..."
Corinne akaudaka mstari
kama mtu adakavyo kikombe kabla ya sakafu.

Watu thelathini na wanne wakasimama kupiga makofi.
Odessa alikuwa msalani, anasuuza ndoo.
Mimi nikalitoa gauni lake kwenye kabati
nikalipiga pasi tena,
ingawa halikuwa na mkunjo.
Kesho tunaanza saa nane.